Mhadhara wa Mafunjo, Umetolewa na Bingwa Aliyejithibitisha Mwenyewe

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wa meza kuu, na ninyi wengine mlioletwa na supu na chapati: itifaki imezingatiwa. Leo ni tarehe 2 Februari, Siku ya Ardhi Oevu Duniani, na kamati imemwalika mtu mmoja tu anayestahili: mimi, Daktari, Profesa, Mhandisi wa Mambo ya Tope, vyeo nilivyojitunuku baada ya kujifanyia usaili mkali. Naomba msiitazame suruali yangu. Imelowa hadi magotini kwa sababu za kitaalamu.

Mada ni mafunjo. Hili hapa, nimekuja nalo kutoka eneo la utafiti. Wajinga huliita nyasi. Shina la nyasi ni la mviringo, tena lina vifundo; hili pitisheni kidole, mtahesabu kingo tatu, na toka chini hadi juu hamtakuta kifundo hata kimoja. Nikilikata kwa wembe, ndani ni nyama nyeupe, laini kama sifongo, imejaa hewa. Kichwani, nywele timtimu ambazo hazijawahi kuonana na kitana. Ukoo wake ni ule wa ndago. Ndiyo, ndago huyohuyo mnayemng'oa asubuhi, jioni mkamkuta amerudi anawacheka. Ndago kwa kawaida hafiki gotini. Ndugu yake huyu hupanda mita 4, hata 5. Kila ukoo una mmoja aliyetoka kimaisha. Kwetu ni mimi.

Ila nina malalamiko. Mafunjo hayana cheti. Hayajahudhuria semina, hayana mpango mkakati, hayajawahi kusaini karatasi ya posho. Viumbe wa namna hii wanatuharibia soko.

Tazameni kosa la kwanza. Mizizi yake na vishina vyake vya chini husukana vikawa mkeka mnene unaoelea majini. Mtu anaweza kutembea juu yake. Nilipojaribu mimi nilizama, kwa uzito wa elimu. Mkeka huo hulikamata tope la mtoni kabla halijafika ziwani, na mizizi hunyonya naitrojeni na fosforasi zilizomo kwenye uchafu. Waulizeni watu wa Kampala. Kwa miaka mingi maji machafu ya jiji yamekuwa yakipita kwenye kinamasi cha Nakivubo kabla ya kuingia Ziwa Victoria, na si mbali na hapo, Gaba, jiji hilohilo huchota maji ya kunywa. Yaani kati ya choo na bilauri alisimama funjo, bila glavu, bila likizo.

Kosa la pili: kuhifadhi watoro. Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na baadaye akawala furu kama karanga. Baadhi ya furu wakakimbilia mafunjoni, ambako oksijeni majini ni haba. Furu huvumilia, sangara, na ubavu wake wote, pumzi humkatikia mlangoni. Kamongo yumo humo pia, akichoka maji anapanda juu kuvuta hewa kama mstaafu kibarazani. Nzohe, mnyama wa kinamasi, naye anapita na kwato zake ndefu zilizotanuka, hazami. Sina maoni kuhusu nzohe.

Kosa la tatu ni kumbukumbu. Wamisri walilichana shina hili vipande vyembamba, wakavipanga vikakatizana, wakavigandamiza, wakapata karatasi. Mwaka 2013 huko Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu, yaligunduliwa mafunjo yaliyoandikwa na ofisa aitwaye Merer, aliyeandika siku baada ya siku jinsi watu wake walivyosafirisha mawe ya piramidi ya Khufu. Zaidi ya miaka 4,500, na taarifa ya kazi bado inasomeka! Taarifa yangu ya mwaka juzi ililiwa na mchwa kabla sijaiandika. Tena si karatasi tu: mwaka 1970 Mnorwe Thor Heyerdahl alivuka Atlantiki kwa chombo cha mafunjo, toka Morocco hadi Barbados, siku 57.

Sasa kuna mzee pale nyuma ameinua mkono. Teremsha, mzee wangu, najua swali lako. Unataka kuuliza: Bingwa, kama mafunjo ni hodari hivyo, kwa nini uliyafyeka, ukamwaga kifusi, ukajenga? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Nami nilizipima kwa hatua zangu mwenyewe, na hatua za msomi ni ndefu. Kilichotokea ni utovu wa nidhamu wa maji. Niliyaelekeza kushoto, na mchoro ninao. Yakakumbuka njia yao ya zamani. Maji hufuata mkondo, walisema wazee, nami nikadhani ni methali tu.

Namaliza kwa shukrani. Sampuli hii sikuifuata mbali. Ilipenya ufa wa sakafu sebuleni kwangu, kati ya kochi na televisheni, na leo alfajiri nimeikata nikiwa nimesimama majini. Mwenzake amebaki pale, anafika usawa wa dirisha. Mke wangu amenikataza kumgusa. Anasema tangu aote, maji ya sebuleni yamekuwa safi.

Maswali hayaruhusiwi. Posho yangu iko wapi?