Deni la Mtungi wa Gesi

Mwaka 2024, mwandishi wa makala haya alikwenda kwenye SACCO yake akiwa amevaa shati la harusi. Alitaka mkopo wa Sh80,000 anunue tangi la maji na kumalizia ukuta wa choo. Wadhamini watatu walishatia sahihi. Hata kalamu aliyoazimwa dirishani aliirudisha, jambo alilolihesabu kuwa ushahidi tosha wa uaminifu.

Binti wa dirishani akabofya kompyuta, akakunja uso, akabofya tena.

"Mzee, uko CRB."

"Lini? Mimi tangu asubuhi niko hapa Githurai."

Foleni yote ilicheka, isipokuwa binti mwenyewe. Akageuza skrini. Kwenye safu ya madeni mabovu palikaa Sh1,200 za Novemba 2019.

Alizikumbuka. Gesi iliisha maharagwe yakiwa nusu mbichi na wageni wako sebuleni, akakopa benki kwa simu kabla sufuria haijapoa: Sh950 za gesi, zilizobaki za soda. Wiki mbili baadaye simu ikaondoka na kijana aliyeruka kutoka kwenye matatu, na mwandishi akachukulia kwamba deni nalo limeruka. Aliporudisha laini, jumbe za kumkumbusha zilikuja nyingi hata akazizoea kama kelele za wauza sukuma.

CRB ni kampuni za kutunza habari za wakopaji na madeni yao, na Kenya ina tatu zenye leseni ya Benki Kuu: Metropol, TransUnion na Creditinfo. Kazi yao ni ya yule jirani anayejua nani aliazima chumvi asirudishe, ila jirani huyu hasahau wala hahami mtaa. Aprili 2020 ilitoka amri kwamba madeni yasiyofika Sh1,000 yasipelekwe CRB, na walioandikwa kwa vijisenti hivyo wafutwe. Mwandishi alipiga hesabu palepale dirishani. Gesi peke yake isingemweka humo. Ni soda.

Na bahati ilimbishia hodi mara ya pili. Novemba 2022, wakati watu wapatao milioni 4.2 walikuwa wameandikwa vibaya kwa ajili ya mikopo ya simu, Benki Kuu ilitangaza kwamba benki zingesamehe angalau nusu ya deni kwa atakayelipa kufikia 31 Mei 2023. Ujumbe ulimfikia: mpendwa mteja, lipa nusu. Akaufuta huku akijisifu. Benki ikupunguzie, tangu lini? "Hao ni wale matapeli wa simu wa gereza la Kamiti," alimwambia mkewe, akalala usingizi mzito wa mtu mwerevu.

Basi, baada ya siku ile dirishani, akalipa lote, pamoja na faini. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, lakini wahenga hawakuwahi kuona ripoti ya CRB. Dawa inaponya, kovu linabaki: kutoka mdaiwa sugu unakuwa mtu aliyelipa kwa kuchelewa, na habari hiyo hukaa miaka 5 tangu siku ya kulipa. Soda zile, ambazo mgeni mmoja hata hakuimaliza yake, zitasomeka mpaka 2029.

Cheti cha kwanza cha kuonyesha kwamba umesafishwa ni bure. Kijana wa saiba alimtoza Sh300 kumtafutia hicho cha bure. Kinachofuata ni Sh2,200, karibu mara mbili ya mkopo wenyewe, kwa hiyo hiki alikitia plastiki na kukitundika kando ya picha ya harusi. Wageni hudhani ni diploma.

SACCO walikisifu cheti, ila mkopo hawakutoa. Binti wa dirishani, safari hii kwa huruma, alimweleza kwamba CRB haiandiki wabaya peke yao. Anayelipa vizuri naye huandikwa, na alama zake hupanda polepole. Metropol, kwa mfano, hupima kutoka 200 hadi 900. Ushauri wake ulikuwa huu: kopa kidogo, lipa mapema, rudia. Yaani mtu asiye na shida ya pesa akakope, ili siku ya shida aaminiwe.

Mwandishi akakopa Sh500 kwa simu. Akaogopa zisije zikaishia kwenye bando, akazitoa kwa wakala, akalipa ada ya kutolea, akazificha kwenye kopo la majani chai. Akatega kengele siku mbili kabla ya tarehe ya kulipa.

Kengele ililia saa kumi na moja alfajiri. Akanyata jikoni, akafungua kopo, akakuta majani.

"Baba watoto," sauti ya mkewe ikatoka chumbani, "zile mia tano nimeongezea za gesi. Jana iliisha."

Kulipokucha alimpigia shemeji yake wa Kasarani. Shemeji alimsikiliza kwa upole mpaka mwisho, akakohoa kidogo, akasema: "Hakuna shida, shemeji. Nitumie kwanza picha ya kile cheti."