Lebo ni Sebule Yangu

Bendi ya mume wangu haina meneja, haina ofisi, haina kampuni ya kuisimamia. Ina sebule yetu hapa Tabata. Wenyewe hujiita wanamuziki huru, na uhuru huo nimeugharamia mimi kwa mchele, mkaa na umeme wa LUKU, hivyo nadhani nina haki ya kuusimulia.

Ni bendi ya dansi: magitaa mawili, besi, kinanda, tumba, dramu na waimbaji wawili. Kijana wa bongo fleva anaingia studio na flashi mfukoni, anakuta biti imeshapikwa, jioni anatoka na wimbo. Bendi haiendi hivyo. Kufunga maiki za dramu peke yake kunakula nusu siku, na studio inahesabu saa. Wakakubaliana dramu zirekodiwe studio, vilivyobaki virekodiwe nyumbani. Nyumbani kwa nani? Mpiga kinanda amepanga chumba kimoja. Mpiga tumba anakaa kwa kaka yake. Sote tukatazamana, kisha mashemeji wote wakanitazama mimi.

Kwanza zikaja trei za mayai. Mtaani kwetu kuna kijana wa chipsi mayai, akawapa lundo zima bure, wakazigandisha ukutani kwa gundi bila hata kumwuliza mwenye nyumba. Hapa niseme kwa faida ya wengine: trei za mayai hazizuii sauti. Zinapunguza mwangwi kidogo tu, na jirani anaendelea kukusikia vilevile. Kinachosaidia zaidi kutuliza mwangwi ni kitu kinene na laini, yaani magodoro. Kwa hiyo baada ya trei, magodoro ya watoto nayo yakapanda ukutani na watoto wakahamia mkekani. Trei zikabaki palepale na harufu yake ya mafuta, mende wakapata mtaa mpya.

Waimbaji walirekodiwa ndani ya kabati langu la nguo. Sitanii. Walipima kona zote za nyumba kwa kupiga makofi wakagundua kuwa sauti inatulia zaidi katikati ya vitenge. Basi mtu mzima, baba wa familia, anaingia kabatini na maiki, mlango unarudishwa, na mimi nikitaka kanga nasubiri ubeti uishe. Walikuwa wakitoka wamelowa jasho chapachapa. Vitenge vyangu viwili vya sendoff hadi leo vina harufu ya kiitikio.

Sasa friji. Maiki nzuri inasikia mambo ambayo sikio limeshayazoea, na mngurumo wa friji ni mojawapo. Kila wakianza kurekodi wanaichomoa, wakimaliza wanaichomeka. Utaratibu huo ulikwenda vizuri mpaka Ijumaa moja usiku. Nilikuwa nimeshuka soko la Feri kununua jodari, kwa sababu Jumamosi walikuwa wanakuja wageni kutoka Tanga kumposa wifi yangu. Samaki nimemkata, nimempaka chumvi na ndimu, nimemweka kwenye friza, nimelala. Usiku huo solo likatoka vizuri mno. Wakakumbatiana, wakatoka kwenda kunywa kahawa kijiweni, wakarudi wakalisikiliza tena na tena kwa spika za masikioni, wakaagana. Friji hakuna aliyeikumbuka. Ukijua joto la Dar mwezi wa pili, huhitaji nikueleze nilikuta nini asubuhi. Wageni wa posa walikula wali na maharage ya nazi, na mshenga wao alirudia mara kadhaa kwamba maharage ni matamu, kwa namna iliyotufanya sote tuangalie chini. Wifi aliolewa, alhamdulillahi, ila na kaka yake hawajapatana sawasawa. Wimbo wenyewe ni wa tatu kwenye albamu. Ule ukimya safi kabla gitaa halijaingia, watu wanausifu sana. Ule ni jodari wangu.

Kelele nyingine hazina swichi. Mnunuzi wa chuma chakavu anapita na kipaza sauti chake saa anayotaka, na pampu ya maji ya jirani inaamka yenyewe. Kuna wimbo ambao chuma chakavu kimeingia katikati ya ubeti wa pili na wamekiacha. Mpiga besi anadai kinaleta hisia.

Ugomvi mkubwa haukuwa wa sauti, ulikuwa wa asilimia. Kiitikio cha wimbo unaobeba jina la albamu kilitoka kwa mama mkwe. Alikuwa uani anakuna nazi, huku akiimba kitu chake, mume wangu akakidaka dirishani akakitilia gitaa. Siku ya kuandika nani kafanya nini, kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari la hesabu la mwanangu, bibi akasogeza kiti. Akauliza yeye yuko wapi katika hiyo karatasi. Wakacheka. Yeye hakucheka. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi wa kazi, na haisemi popote kwamba mtunzi lazima awe na gitaa. Jambo hilo nilimnong'oneza mimi, na sijutii. Akaandikwa sehemu yake, akaikagua, akaomba anakiliwe kwenye karatasi yake mwenyewe, akaifunga kwenye pindo la kanga.

Mama mkwe anaijua biashara hii kuliko wao. Marehemu mumewe alipuliza tarumbeta enzi ambazo bendi zilikuwa na wenyewe: NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na chama kilipobadilika bendi ikabadilika jina nacho, ikawa JUWATA, kisha OTTU, mpaka watu wakaamua kuiita Msondo. Bendi ya Mlimani Park nayo ilifika mikononi mwa shirika la DDC. Vyombo vilikuwa vya shirika, mshahara wa shirika, kurekodi mnakwenda Radio Tanzania. Mrabaha haukuwa jambo la kujivunia, na wengi wamezeeka wakisikia sauti zao redioni bila senti mfukoni. Lakini hakuna aliyechukua godoro la mtoto. "Zamani bendi ililelewa na shirika," ananiambia. "Siku hizi inalelewa na mke wa mpiga gitaa."

Albamu ikakamilika. Mtoto wangu mdogo akaimwagia kompyuta uji wa ulezi, mafundi wa Kariakoo wakaokoa mafaili, sitaki kuirudia siku hiyo. Ikabaki kuitoa.

Wasiojua hudhani unaupeleka wimbo Spotify mwenyewe, kama unavyotuma picha. Bendi ndogo hupitia kwa msambazaji wa mtandaoni, unamlipa, naye anausukuma kwenye majukwaa yote. Anapendelea faili la WAV kuliko MP3. Anaupa kila wimbo msimbo wa ISRC, herufi na tarakimu 12, ambao ni kama namba ya NIDA ya huo wimbo. Na anataka kava ya mraba, pikseli 3,000 kwa 3,000. Kava yetu ilirudishwa. Ilikuwa picha nzuri, bendi nzima mbele ya ukuta wa mabati, na chini yake, kwa wino mwekundu, namba ya simu na maneno ya kukaribisha kazi za harusi na kipaimara. Kumbe majukwaa hayaruhusu namba za simu kwenye kava. Mashemeji walikasirika kwelikweli. Bendi gani ya Dar inatoa kitu bila namba ya simu? Mteja wa harusi atawapataje? Nilikaa upande wao katika hili, na bado nipo.

Ikakubaliwa bila namba. Siku ya kutoka nimepika pilau, majirani wamejaa uani, simu imeunganishwa na spika, tunatafuta jina la bendi. Albamu ipo, lakini imewekwa kwenye ukurasa wa bendi nyingine kabisa, Wazungu wenye nywele ndefu wanaopiga magitaa ya kunguruma, ambao jina lao limefanana na letu. Shangazi wa Morogoro akapiga simu kuuliza kama mume wangu amejiunga na mashetani. Kuhamisha nyimbo tano za dansi kutoka kwa watu wale kulichukua barua pepe nyingi, na wote waliojibu walianza kwa kutushukuru kwa uvumilivu wetu.

Kisha YouTube. Video imepanda, ikaja taarifa kwamba ndani yake kuna muziki wa mtu mwingine. Muziki gani, na jodari aliyeoza ni wangu? Ikajulikana kuwa mpiga kinanda alichukua mlio wa ngoma wa bure mtandaoni, na mtu fulani ng'ambo aliuchukua huohuo, akausajili wimbo wake kwenye mfumo wa utambuzi kana kwamba mlio ni mali yake. Mashine haijui nani kaanza. Tulipinga, tukashinda, na hela ya matangazo ya wiki ile nadhani alikula yeye.

La ada ya mwaka ya msambazaji kujikata yenyewe nitalisema kwa ufupi kwa sababu bado linaniuma. Kadi iliyotumika ilikuwa yangu, na hela iliyokuwemo ilikuwa ya kikoba.

Mapato yakaja, yaani taarifa yake. Hulipwi kwa wiki ile ile, unasubiri miezi. Kinachotoka kwa wasikilizaji wa Marekani kinakatwa kodi ya huko asilimia 30, kwa sababu nchi yetu na yao hazina mkataba wa kodi. Na tangu 2024, Spotify haiulipi wimbo mrabaha wa rekodi kama haujasikilizwa walau mara 1,000 ndani ya miezi 12. Kilichobaki kimelala kwenye akaunti, hakijafika kiwango cha chini cha kutolewa. Hela halisi tuliyoishika imetoka kwenye flashi walizouza kwa madereva wa bajaji, na kwenye harusi mbili za watu waliozisikia humo kwenye bajaji. Flashi, nikumbushe, zilikuwa na namba ya simu.

Kila mwisho wa mwezi mama mkwe anafungua pindo la kanga, anaitoa karatasi yake, anamwita mwanawe. Wimbo wake haujafika 1,000. Kwa hiyo msomaji, nina ombi, na si la bendi yetu tu. Ukikutana na wimbo wa bendi ndogo usiyoijua, usiuruke mara moja. Spotify huhesabu umesikiliza ukivuka sekunde 30. Zikipita, zima tu, hatutakulaumu.