Shaba ya Kupakwa

Mchimba dhahabu wa Nyatike huwezi kumuuzia shaba ukamwambia ni dhahabu. Ataigeuza, ataipima kwa mizani yake ndogo, ataipitisha motoni, na ukizidi kubisha ataita wenzake waliotoka shimoni sasa hivi, vumbi na yote. Kaunti ya Migori inajua madini. Pale Macalder shaba ilichimbwa pamoja na dhahabu tangu enzi za mkoloni hadi miaka ya 1960. Lakini mtume mtu huyo huyo mjini akanunue waya wa kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta. Swali lake ni moja: "Mita ni pesa ngapi?" Akitajiwa bei ya chini anafurahi, anafunga waya kwenye bodaboda, anaenda nyumbani kulaumu kampuni ya intaneti.

Nimechoka kuitwa kuangalia "wifi ina shida gani." Wifi haina shida. Shida ni waya uliolala nyuma ya kabati, ambao ndani yake ni alumini iliyovikwa ngozi nyembamba ya shaba. Alumini hupitisha umeme kwa asilimia 60 hivi ya uwezo wa shaba, hukatika upesi ukiikunja mara kadhaa, na viwango vya kimataifa vya nyaya za mtandao haviikubali. Kuitambua si kazi. Kwaruza uzi mmoja kwa wembe: ukikuta wekundu hadi ndani, hiyo ni shaba, ukikuta weupe, umeuziwa sufuria. Au inua boksi lenyewe. Boksi zima lina mita 305, na lile la shaba halisi litakuuliza umri wa mgongo wako. La alumini unalibeba huku ukipokea simu. Watengenezaji wengine ni waungwana, wameandika CCA pale pale kwenye waya, yaani alumini iliyovikwa shaba, kwa herufi ambazo mimi mwenye miwani nazisoma kwa kukisia.

Jirani yangu mwenye duka la dawa za mifugo aliweka kamera. Kamera nyingi za siku hizi hupata stima kupitia waya huo huo wa mtandao, kwa hivyo waya ukiwa mbovu, kamera inakula kidogo. Mchana kutwa ilikuwa inaona kila kuku aliyepita. Ikifika jioni na zile taa zake za kuonea gizani zikiwaka, njaa yake inaongezeka, waya hauwezi kuilisha, inazimika. Asubuhi inaamka na kuendelea kulinda kuku. Jirani alishuku mlinzi ndiye anayeizima, akamfukuza kazi. Waya haukufukuzwa. Bado uko pale, umekodoa macho yake mawili, vile vichwa vya plastiki vya RJ45.

Halafu kuna vijana wa madukani na namba zao za madaraja ya waya. Ukiomba Cat5e wanakutazama kwa huruma. "Mzee, hiyo ni ya zamani. Kuna Cat6, kuna Cat7, na sasa iko Cat8." Mimi nyumbani nalipia megabiti 10 kwa sekunde, na siku za mvua hata hizo huja kwa kubembelezwa. Cat5e hubeba 1,000 hadi umbali wa mita 100. Cat6 hubeba hizo hizo, na ukiwa na mitambo ya bei ya ng'ombe wawili inaweza kubeba 10,000, mradi usipite mita 55. Cat8 ilitengenezwa kwa ajili ya vyumba vya seva, na ikibeba mizigo yake mizito mwisho wake ni mita 30. Kumfungia mtu Cat8 kwenye runinga ya sebuleni Awendo ni sawa na kukodi lori la miwa lipeleke kilo moja ya omena. Kama unajenga na waya utazikwa ukutani, weka Cat6, maana hutabomoa ukuta kila ukibadilisha mawazo. Kwingine kote Cat5e ya shaba inatosha, na chenji ununue samaki.

Nikiwa Homa Bay mambo huwa mabaya zaidi, kwa sababu huko nina mpwa mwenye saiba karibu na steji. Mwisho wa Juni ndio msimu wake: tarehe 30 ndiyo siku ya mwisho ya kujaza ritani za kodi za KRA, na nusu ya mji hukumbuka tarehe 29. Akanipigia. "Mjomba, kompyuta za mbele ziko sawa, hizi za nyuma zinashika na kuachia." Nilimkuta fundi wake palepale, kijana mwenye adabu na krimpa mpya, amezungukwa na akina mama walioshika vitambulisho mikononi. "Mzee, nimepima," akasema, akachomeka testa. Taa zikawaka moja hadi nane, kwa utaratibu, bila hata moja kuruka.

Nikakitazama kichwa cha waya kupitia plastiki yake. Chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, kijani, buluu-nyeupe, buluu, kahawia-nyeupe, kahawia. Kila rangi imekaa na mwenzake. Ilipendeza kweli, na hilo ndilo lilikuwa tatizo.

Nyaya nane za ndani zimesokotwa mbili mbili ili kelele za nje zifutane. Ujanja huo Alexander Graham Bell, yule wa simu, aliuandikishia hataza mwaka 1881. Sasa, kwenye RJ45 tundu la 3 hufanya kazi na la 6, si na la 4. Kwa hivyo mpango sahihi ni huu: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, buluu, buluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Buluu wamekaa katikati kwa sababu laini ya simu ilishazoea matundu ya katikati, na kijani wametenganishwa kuwapisha wazee. Ukipanga kwa kupendeza, 3 na 6 wanatoka nyumba tofauti, kila mmoja anampigia jirani kelele. Testa haijui hayo. Yenyewe inauliza tu kama umeme umefika upande wa pili, haiulizi nani alisokotwa na nani. Waya mfupi husamehe, ule mrefu wa kwenda nyuma hausamehe.

Kijana akataka kujua ni nani aliyepanga hivyo. Nikamwambia ni Wamarekani. Akaridhika.

Tukakata vichwa vyote. Nikamwonyesha kuchuna ngozi ya nje bila kujeruhi nyaya, kufungua msokoto usizidi milimita 13, kunyoosha nyaya kwa kidole gumba, kuzikata sawasawa, kisha kuzisukuma mpaka ncha zote nane zionekane zimegonga mwisho. Ngozi ya nje nayo lazima iingie ndani, ule mdomo wa plastiki uiume ndipo ubane. Vya kwake vilikuwa vimeacha nyaya uchi nje, anayefagia akigusa tu kitu kinachomoka. Na kile kiulimi cha kufungia, sijui ni adui gani wa binadamu aliyekibuni. Hukatika mara ya pili ukikibonyeza, na hakuna duka linalouza kiulimi peke yake.

Kompyuta za nyuma zikatulia. Mama mmoja akajaza ritani yake, akanitazama, akauliza kama ninaweza pia kuangalia redio yake.

Habari ikanitangulia kurudi Migori. Sasa kanisa letu linataka kuvuta intaneti kutoka ofisini hadi ukumbi mpya ili ibada ionekane Nairobi na ughaibuni. Wameshanunua waya, rangi ya kijivu, wa ndani ya nyumba, waupitishe juu ya uwanja kwenye jua ambalo litaupasua ngozi upesi. Nilipima kwa futi kamba: mita 140. Nikamweleza Pasta kwamba mita 100 ndio mwisho, kwamba waya wa nje ni ule mweusi unaovumilia jua, na kwamba kuvuka kutoka jengo hadi jengo, kwa radi hizi za upande wa ziwa, ni heri faiba, maana kioo hakipitishi umeme.

"Mzee," akasema kwa upole, "kwa imani itafika."

Nikamwambia imani ni idara yake. Mimi naomba faiba, au kama pesa ni kidogo, waya mweusi na swichi ya kuweka katikati, pamoja na mahali pa kuichomeka. Kamati itakaa Jumapili baada ya ibada kuamua kama hizo mita 100 ni sheria au ni maoni yangu.