Mheshimiwa Beberu na Wasiotembea

(Nyuma ya ofisi ya kata, saa nne asubuhi. Beberu amefungwa kwenye kigingi. Ameshamaliza kila kilichomo ndani ya duara la kamba yake, na sasa ana nafasi ya kutoa nasaha kwa mimea jirani, Bibi Alizeti na Kifauongo.)

BEBERU: Nawaonea huruma wenzangu. Mtu anazaliwa hapo, anakua hapo, anafia hapo. Dunia tunaijua sisi wenye miguu.

BIBI ALIZETI: Dunia yako tunaiona, mheshimiwa. Imeota upara.

BEBERU: Hilo ni eneo langu la kazi, bibi. Juzi nilikuwa upande wa chooni, leo niko huku.

KIFAUONGO: Si ulihamishiwa kigingi?

BEBERU: Ilikuwa safari ya kikazi! Na wewe bi mdogo, mdomo huo... (Anajinyoosha mpaka kamba inamkaba, pua yake inamgusa Kifauongo. Majani yanafumbana mawili mawili, vikonyo vinaanguka.) Hee! Jamani, amekufa? Sasa hivi alikuwa kijani kibichi, mbona vimebaki vijiti na miiba? Mimi sijamgusa. Bibi, wewe ni shahidi.

BIBI ALIZETI: Mpe robo saa.

BEBERU: Robo saa? Hapa kwetu hata muhuri haugongwi kwa robo saa.

(Muda unapita. Beberu anajaribu kuonekana kama mtu aliyekuwa akiangalia kwingine.)

KIFAUONGO (akifumbua): Umeshaondoka, mheshimiwa?

BEBERU: Ulikuwa umekwenda wapi?

KIFAUONGO: Sikwenda popote. Chini ya kila jani nina kifundo kilichojaa maji. Nikiguswa, ujumbe wa umeme unapita, chumvi zinatoka kwenye seli za upande mmoja, maji yanazifuata, kifundo kinalegea. Sekunde chache tu. Shughuli iko kwenye kuyarudisha.

BEBERU: Kutoka haraka, kurudi polepole. Fedha za miradi nazo zina utaratibu huohuo.

KIFAUONGO: Lakini sifi ovyo. Nikifumba nakosa mwanga, na mwanga ndio chakula changu. Mwaka 2014 watafiti walichapisha habari za ndugu zangu wa vyunguni. Waliangushwa kutoka kimo cha kama sentimita 15, tena na tena. Mwanzo walifumba. Walipoona hawadhuriki, wakaacha. Karibu mwezi ukapita, wakaangushwa tena, hawakujali.

BEBERU: Huo ni utovu wa nidhamu.

BIBI ALIZETI: Wanakijiji nao siku hizi ukiwatajia bomba la maji hawashtuki. Nao tuseme hawana nidhamu?

BEBERU: Tusiingize siasa kwenye mambo ya majani.

KIFAUONGO: Basi sikia hili. Mwaka 1729 Mfaransa mmoja, de Mairan, alimfungia gizani mmea wa ukoo wangu. Asubuhi ilipofika akafumbua majani, jioni akayafumba, na jua hakuliona.

BEBERU: Yaani aliripoti kazini kwa saa, na bosi hayupo?

KIFAUONGO: Ndiyo.

BEBERU: Apelekwe hospitali. Bibi Alizeti mimi namheshimu zaidi, maana anamfuata mkubwa. Mkubwa akielekea magharibi, naye magharibi.

BIBI ALIZETI: Ulikuwa ujana huo, baba. Shina lilikuwa bado linakua. Mchana upande wa mashariki ulirefuka zaidi, kichwa kikaegemea magharibi. Usiku upande wa pili ukalipiza, na kabla hakujapambazuka nilishageuka kulingoja jua. Nilipokoma kukua nikabaki nimeelekea mashariki.

BEBERU: Kwa faida gani?

BIBI ALIZETI: Joto la asubuhi. Nyuki hupenda ua lililopata moto mapema. Watafiti wa California, mwaka 2016, waligeuza vyungu vingine vielekee magharibi, kisha wakahesabu wageni. Maua ya mashariki yalitembelewa hadi mara 5 zaidi.

BEBERU: Na jua likihamia magharibi, usilifuate?

BIBI ALIZETI: Linahamia lenyewe.

BEBERU: Bibi, uchaguzi huwezi kushinda.

(Mharagwe, ncha yake ikielea hewani, anapita juu ya vichwa vyao.)

MHARAGWE: Shikamooni wakubwa.

BIBI ALIZETI: Marahaba, mwanangu. Mbona huna fito?

MHARAGWE: Ilichukuliwa kufungia bango la kumkaribisha mgeni rasmi. Natafuta nyingine.

BEBERU: Unatafuta bila macho?

MHARAGWE: Nazungusha ncha, mheshimiwa. Mzunguko mmoja ni kama saa mbili, na kila siku nakuwa mrefu kidogo, basi duara linapanuka. Nikigusa kitu chembamba, najiviringisha. Darwin alituandika mwaka 1865, sisi mimea ya kutambaa. Alikuwa mgonjwa, hatoki chumbani, akaweka mmea kwenye chungu, akautazama usiku na mchana unavyozunguka.

BIBI ALIZETI: Mtu kalala, mmea unatembea. Mheshimiwa, umesikia?

(Beberu hajasikia. Anapima kwa macho umbali kati ya ncha ya Mharagwe na mdomo wake.)

BEBERU: Kijana, nimevutiwa sana na juhudi zako. Kwa kweli nilikuwa na mtazamo finyu. Unaelekea upande gani?

MHARAGWE: Huko kwako. Naona kama kuna kitu chembamba kimenyooka.

BEBERU: Ni kamba yangu. Imara kabisa, ya serikali. Karibu uiegemee.

KIFAUONGO: Wewe mtoto, geuka! Rudi nyuma!

MHARAGWE: Siwezi, dada. Ukoo wetu huzunguka upande mmoja tu.

BEBERU: Mwacheni kijana asonge mbele! Vijana wakijituma mnawavunja moyo, halafu mnalalamika nchi haiendelei. Njoo, mwanangu. Bado kidogo tu.

(Majani ya Kifauongo yanafumbana yote. Hakuna aliyemgusa.)

MHARAGWE: Nimefika?