Jinsi ya Kufeli Mtihani wa Mwanamke wa Shoka

Sogea karibu, dada, haya ni ya kunong'onezana. Wewe mwanamke mweusi uliyeko Marekani, uwe umezaliwa Detroit au umeshuka kwenye ndege juzi ukitokea Mombasa, kuna mtihani umeandikishwa bila kuulizwa. Unatakiwa ufanye kazi ya watu watatu, ulee wako na wa wenzio, umnyanyue mwanamume kila akianguka, na chozi lisikutoke. Ukifaulu unapewa sifa tu: "Huyu ni mwanamke wa shoka!" Najua sifa hiyo ni tamu. Nami huinua kidevu nikiisikia. Lakini haipunguzi kazi hata kidogo, na ndiyo maana inatolewa bure. Kwa hiyo ufeli, na ufeli ukiwa umependeza.

Kwanza, mjue mtunzi wa mtihani. Ukishamjua, hutaona haya kuangusha kalamu. Kwenye mashamba ya pamba wanawake waliokuwa watumwa walichumishwa sawa na wanaume, kisha wakaambiwa kwamba kustahimili ni maumbile yao. Hollywood ikalichukua wazo hilo na kulivisha kitambaa kichwani. Mwaka 1940 Hattie McDaniel alikuwa mtu mweusi wa kwanza kushinda tuzo ya Oscar, kwa kuigiza Mammy katika filamu ya Gone with the Wind: mtumwa asiye na mpenzi wala mtoto wake tunayemwona, anayemhangaikia binti wa bwana wake asubuhi hadi usiku. Usiku wa kupokea tuzo aliketishwa kwenye meza ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake weupe, kwa sababu hoteli ya sherehe ilikuwa ya ubaguzi. Kwenye redio, na tangu 1951 kwenye televisheni, kipindi cha Amos 'n' Andy kikawaletea watu Sapphire, mke wa kufoka na kumsimanga mumewe. Basi ukinyamaza wewe ni Mammy, ukisema wewe ni Sapphire. Mtihani wenye majibu mawili, yote makosa, haukeshewi.

Pili, tembea na kitabu. Nakupendekezea cha Michele Wallace cha mwaka 1979, Black Macho and the Myth of the Superwoman. Alikuwa hajafikisha miaka thelathini alipoandika kwamba hadithi ya mwanamke mweusi asiyechoka inamdhulumu mwanamke huyo huyo, na kwamba harakati za ukombozi wa watu weusi hazikumwacha salama. Alishambuliwa vikali, akaambiwa anaanika mambo ya ndani mbele ya wazungu. Njia ya mkato: kiweke mezani sebuleni, mahali wifi atakapokiona. Atakayekuuliza, mwambie akisome kwanza yeye.

Tatu, nyumbani. Hapa nitakaa kidogo, maana wengi wetu hapa ndipo tunapofaulu kwa bahati mbaya.

Nyimbo nyingi za hip-hop zimemsifu mwanamke wa kufa na kuzikana: anayemngoja mwanamume jela, anayemlipia wakili, asiyeuliza maswali. Joan Morgan, mwandishi aliyeupenda muziki huo kwa dhati, aliuhoji waziwazi katika kitabu chake cha 1999, When Chickenheads Come Home to Roost. Nawe cheza, imba, lakini usiusaini kama mkataba. Mpenzi wako akisema, "Wewe una nguvu bwana, utaweza," jibu neno moja: "Siwezi." Kisha nyamaza. Usieleze, kwa sababu ukianza kueleza mtajikuta mnajadiliana, na mkijadiliana utaishia jikoni. Akiingia yeye jikoni, ondoka kabisa. Usimsahihishe anavyokata vitunguu. Ukirudia kuosha sufuria aliyoosha, umeshapata alama zako zote na mwezi ujao utaosha sufuria zote peke yako. Msifu badala yake, tena mbele ya wenzake, naye pia hupenda kusifiwa.

Wala usidhani unamwonea. Katika kitabu chake The Will to Change, mwaka 2004, mwandishi bell hooks alieleza kwa upendo mwingi kwamba mfumo dume unamnyang'anya mwanamume pia, kwa kumfundisha tangu utotoni kuzika hisia zake. Ukisema "nimechoka" kwa sauti ya kawaida, huenda naye akathubutu kusema hivyo siku moja.

Nne, hospitali. Hapa sina njia ya mkato. Marekani mwanamke mweusi yuko katika hatari ya kufa kwa sababu zinazotokana na ujauzito takriban mara tatu kuliko mwanamke mweupe. Serena Williams, bingwa wa tenisi, alijifungua mwaka 2017, akaanza kukosa pumzi. Akijua historia yake ya kuganda damu, alimwambia muuguzi anahitaji kipimo gani na dawa gani. Muuguzi akadhani dawa za maumivu zimemchanganya. Serena alishikilia neno lake mpaka akapimwa, na mapafuni yakakutwa mabonge ya damu. Kwa hiyo mlangoni pa wodi ndipo pa kuwa Sapphire kamili. Foka. Nenda na mtu mwenye sauti kubwa. Ukiulizwa maumivu yakoje, usitabasamu.

Tano, jifunze kushuka jukwaani katikati ya onyesho. Simone Biles, bingwa wa jimnastiki, alifanya hivyo kwenye Olimpiki ya Tokyo, Julai 2021: aliruka mara moja katika fainali ya timu, akahisi mwili umepotea hewani, akajitoa. Baadhi ya watu walimwita mwoga na wengine wakadai ameisaliti nchi. Wenzake walimalizia bila yeye, na timu ikapata fedha. Alirudi wiki iliyofuata akapata shaba, na Paris mwaka 2024 akachukua dhahabu tatu. Lakini medali hizo usizifanye utetezi wako. Hata asingerudi kamwe, shingo ilikuwa yake, na haki ya kushuka ilikuwa yake.

Mwisho, lala. Tricia Hersey alianzisha The Nap Ministry mwaka 2016 huko Atlanta, akawa anawakusanya watu walale pamoja mchana, akifundisha kwamba pumziko ni upinzani. Anza na nusu saa, simu ikiwa chumba kingine. Na wakiuliza nani atapika chakula cha kanisani Jumapili, angalia dari mpaka mwingine ajitolee.