Muulize Bibi wa Biwi

Barua zenu zimejaa kikapu cha dagaa, na zinanuka hivyo hivyo. Nimezichambua nikiwa nimekaa nyuma ya jiko langu hapa Murangi, biwi kushoto, kuku kulia. Kwa mgeni wa safu hii: biwi ni lundo la taka. Likitunzwa linageuka mboji, ambayo bwana shamba huiita mbolea vunde. Marehemu mume wangu aliliita "hayo mambo yako", mpaka siku alipoonja nyanya zake.

Barua ya kwanza ilifika mwezi uliopita. Nilimjibu mwenyewe wakati ule ule kwa mkono wa kijana wa bodaboda, kwa kuwa haikuwa ya kusubiri. Kwa nini naichapisha leo, utaona mbele.

*Bibi, shikamoo. Mimi ni mke wa miezi saba, niko Bukima. Nilisikia kwamba maganda yasitupwe, nikawa nayalundika nyuma ya nyumba: ya viazi, ya muhogo, ya papai, na kiporo cha ugali kikibaki. Sasa kunanuka mpaka mama mkwe amehamisha kiti chake kutoka chini ya mwembe. Hajasema neno. Nifanye nini kabla hajasema? Mkwe Mwenye Hofu.*

Marahaba, mjukuu wangu. Mama mkwe akihamisha kiti ameshasema.

Kwanza nenda ukanuse vizuri, usizibe pua. Harufu ikikata kama mkojo wa banda la mbuzi, umelilisha vibichi kupita kiasi. Ikiwa ya yai viza, limekosa hewa. Kwako nadhani ni yote mawili. Maganda mabichi na ugali ni maji matupu. Vikilaliana vinashikamana kama uji, hewa haipiti. Wale wadudu wasioonekana wanaopumua wanakufa, wanahamia wengine wasiohitaji hewa, na hao ndio waliomfukuza mama yako.

Subiri Mama aende kanisani. Pangua lundo lote kwa uma au jembe. Tafuta vikavu: mabua uliyoyakatakata kwa panga, majani makavu ya huo huo mwembe, nyasi za paa lililochakaa, maranda ya seremala. Kwa kila ndoo ya maganda tia ndoo mbili au tatu za vikavu, huku ukichanganya. Kisha chota ngumi moja uikamue kama unakamua tui. Yakitoka matone mawili matatu, acha. Yakichuruzika, ongeza vikavu. Yasipotoka kabisa, nyunyiza maji. Maganda ya kesho usiyaache juu wazi. Chimba kidogo katikati, yafukie, funika kwa nyasi.

Kiporo cha ugali mpe kuku. Nani alikufundisha kutupa kiporo?

*Shikamoo Bibi. Mimi ni kijana wa Bunda. Tangu tuvune nimelundika mabua ya mtama na miti ya pamba hadi kiunoni. Miezi mitatu imekatika, mabua ni yale yale, hata rangi hayajabadilisha. Je, nimelogwa? Mvumilivu.*

Hujalogwa, mura, umepika ugali ukasahau mboga.

Wataalamu wanahesabu kaboni na naitrojeni. Wadudu wa biwi wanapenda sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa moja ya naitrojeni. Mabua peke yake yanapita hapo mara mbili na zaidi, kwa hiyo wanakaa mezani wanatazamana. Mboga yao ni vitu vibichi na samadi: magugu uliyopalilia kabla hayajatoa mbegu, majani ya maharage, kinyesi cha mbuzi. Kama kwenu kuna alizeti pori, ile ya maua ya njano inayojiotea kando ya barabara, ikate bila huruma. Watafiti wa Maseno, kule Kenya, waliishughulikia sana miaka ya 1990, na majani yake yana naitrojeni na fosforasi nyingi kuliko unavyotarajia kwa gugu la njiani. Katakata mabua yawe urefu wa kiganja, yalowanishe usiku kucha, uyapange kwa matabaka na hiyo mboga yake.

Miti ya pamba itoe. Ni migumu kama kuni, na isitoshe mkulima wa pamba anatakiwa aing'oe na kuichoma kila msimu ukiisha, wadudu wasivuke nayo kwenda msimu wa pili. Majivu yake unaweza kurudisha konzi moja moja, si debe.

Nisikufiche kitu. Mwaka wangu wa kwanza nilijaza mabua matupu, makavu, nikafunga safari kwenda Mwanza kumwangalia binti yangu aliyejifungua. Nilirudi baada ya miezi minne na jembe begani, nimeshawatangazia majirani kwamba nagawa mbolea. Nilipochimbua nikakuta mabua yangu mazima, katikati pana kiota, na kuku niliyedhani ameibiwa amelalia. Mavuno ya kwanza ya biwi langu yalikuwa vifaranga tisa.

*Bibi, naomba hukumu. Mwaka juzi nilitoa ng'ombe wanane wa mahari. Sasa nimeanza bustani, nahitaji samadi, na baba mkwe anaiuza kwa mkokoteni. Mimi pia ameniuzia! Samadi ya ng'ombe niliowatoa mwenyewe! Je, sina haki? Mkwe Aliyekamuliwa, Nyambono.*

Hii ndiyo barua ya mwaka, nimewasomea mpaka wanaokuja kuchota maji.

Mwanangu, ng'ombe ukishamtoa amekwenda na kwato zake, maziwa yake na kile anachodondosha. Ulipokabidhi kamba hukusema "isipokuwa cha nyuma". Wazee walikuwepo, wangesikia. Kwa hiyo haki huna. Ila una mke, na mke ana baba, na baba hajawahi kumuuzia binti yake kitu alichokuja kuomba mwenyewe huku amebeba sukari kilo mbili. Wewe baki nyumbani.

Lakini usimdharau mzee kwa kuuza. Anajua thamani ya kitu, na wengi wenu hamjui. Nawaona mnaacha samadi zizini inapigwa jua na mvua msimu mzima, naitrojeni inapaa na iliyobaki inakwenda ziwani. Wakumbuke Wakara wa kisiwa cha Ukara, kule Ukerewe. Kisiwa kidogo, watu wamebanana. Waingereza waliandika habari zao tangu miaka ya 1930 kwa mshangao: ng'ombe walilala ndani ya nyumba na watu, waliletewa majani, na samadi ilikusanywa yote na kupelekwa shambani mwaka kwa mwaka. Katikati ya uwele walipanda marejea, yakikua waliyafukia yaoze ardhini. Shamba halikupumzika na bado lilizaa. Hakuna aliyewalazimisha. Baadaye, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, serikali ya Waingereza hao hao ikataka kuwashurutisha Wasukuma watie samadi kwa sheria ndogo na faini, na watu wakaichukia pamoja na mengine yote yaliyoletwa kwa amri. Ndiyo maana nakwambia, kwa baba mkwe usiende na hoja ya haki. Peleka sukari.

Ukiipata, usiitie mbichi kwenye miche, itaunguza. Ipitishe kwenye biwi: tabaka la mabua na majani la shibiri moja, juu yake samadi ya unene wa vidole vitatu, maji, kisha unarudia mpaka lifike kifuani.

*Mheshimiwa Bibi, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu, Butiama. Nina muda wa kutosha, hivyo nageuza lundo langu kila siku asubuhi, saa kumi na mbili kamili. Mbona halipati joto?*

Mwalimu, wewe unaishi Butiama na unaniuliza mimi? Neno la dawa yako limetoka hapo hapo kwenu, kwa Wazanaki: kung'atuka. Mwalimu mwenzako alilifanya la taifa zima mwaka 1985 alipoacha urais akarudi nyumbani kulima. Ng'atuka kwenye hilo lundo. Kila unapoligeuza joto linatoka, wadudu wanaanza upya, kesho unawavuruga tena kama wanafunzi wanaoamshwa kwa kengele. Wape wiki mbili, hata tatu. Halafu ligeuze siku moja kwa ukamilifu, na hapo ng'atuko liwe la kweli: waliokuwa pembeni waingie katikati, waliokaa katikati siku zote watoke pembeni. Saa kumi na mbili alfajiri tafuta kitu kingine cha kusimamia. Wajukuu wapo?

*Bibi, kichwa cha sangara naweza kutia? Wa Mwigobero.*

Ukitaka kufahamiana na mbwa wote wa Musoma mjini, tia. Mapanki na vichwa vina wateja wake wa supu, wauzie. Kilichooza fukia peke yake, mkono mzima kwenda chini.

*Shikamoo Bibi. Sisi wavuvi tunateswa na gugumaji. Upepo ukigeuka linaziba mwalo, mtumbwi hautoki. Mtu mmoja ameniambia ni mbolea. Anatutania? Nahodha wa Nchi Kavu, Suguti.*

Marahaba, nahodha. Hatanii, ila hajakwambia yote.

Gugumaji si mwenyeji wetu. Asili yake ni Amerika Kusini, na ziwani kwetu lilianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1980. Miaka ya 1990 lilikuwa limezagaa hivi kwamba walileta vidudu maalumu, aina ya fukusi, walitafune. Walilipunguza kweli. Kulimaliza hawakulimaliza, kama unavyoona.

Kwa biwi ni kibichi kizuri, kinaoza upesi. Shida ya kwanza ni maji. Zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za gugu hilo ni maji, kwa hiyo mkokoteni uliokutoa jasho utakuachia karai moja. Basi lipandishe ufukweni, lianike siku mbili tatu mpaka linyauke, ndipo ulibebe. Kata mizizi uiache kando, hasa kama umelivuna karibu na mtaro wa mji au wa kiwanda, kwa maana mizizi yake inafyonza hata madini mabaya yaliyomo majini. Lichanganye na mabua kama wengine wote. Na usilundike ukingoni mwa maji. Mbegu zake zinaweza kulala miaka mingi zikisubiri, mvua kubwa ikija ikasomba biwi lako, utakuwa umelima ziwa.

Wavuvi wanne wakilivuna kwa zamu, kila mmoja atapata mbolea ya bustani ya mchicha na nyanya. Mwalo utaendelea kuziba. Sikudanganyi.

Sasa ile niliyowaahidi.

*Bibi mwenzangu, habari za huko. Mimi ndiye mwenye kiti. Harufu imekwisha, namshukuru aliyemwelekeza mtoto. Lakini nina mawili. La kwanza, tangu alipoligeuza wiki iliyopita, alfajiri lundo linafuka moshi, na jirani anapita akitazama pembeni. Anasema tumefuga kitu. Nyumba haitaungua? La pili, ubavuni kwake umeota mboga, umetambaa mpaka mlangoni kwangu. Mkwe wangu anasema maboga ni yake kwa sababu lundo ni lake. Mimi nasema mbegu zilitoka kwenye sahani yangu. Hukumu.*

Nzuri, mwenzangu, karibu sana kwenye safu.

Ule si moshi, ni mvuke. Wadudu wakishiba na wakipata hewa wanatoa joto, na katikati ya lundo lenye ukubwa wa mita moja kila upande joto linafika nyuzi 55, hata 65. Hewa ya alfajiri ina ubaridi, ndiyo maana unaona linapumua. Mwite huyo jirani. Chomeka kijiti cha urefu wa mkono mpaka moyoni mwa lundo, mnywe chai kwanza, kisha mwambie akichomoe mwenyewe akishike. Kikiwa cha moto na kina unyevu, biwi lina afya. Kikiwa baridi, linataka kugeuzwa au kulishwa. Kikiwa na ukungu mweupe na kikavu, linataka maji. Akishakishika ataomba kijiti cha kwake.

Joto hilo linaua mbegu za magugu zilizo katikati. Za pembeni zinapona, na ndipo mboga wako ulipochomozea. Mkwe wako asiung'oe, ila aanze lundo jipya hatua mbili kando na hilo aliache liive. Baada ya miezi miwili mitatu litakuwa jeusi, laini, hutambui ganda wala bua, linanukia udongo uliopata mvua ya kwanza. Akiwa na wasiwasi, apande mbegu chache za mchicha kwenye kopo la mboji hiyo. Zikiota kijani, imeiva. Zikiota njano au zisipoota, bado.

Kuhusu hukumu: msusa ni wako, uchume machipukizi kila baada ya siku tatu, na maboga ni ya mkwe. Boga la kwanza mtalipika pamoja, mbegu mtagawana.

Kiti kirudishe chini ya mwembe. Kiweke upande wa ziwa, maana mchana upepo unatoka huko.