Tundu Moja, Watuhumiwa Wengi

Soketi ikifa katika nyumba moja pale Mgori, Singida, mtuhumiwa wa kwanza ni shirika la umeme. Taa ya sebuleni inawaka, redio ya jirani inaimba, lakini eti shirika limekata umeme wa tundu moja tu, tena lile la kuchajia simu! Mtuhumiwa wa pili ni LUKU. Mwenye nyumba anabonyeza, anakuta yuniti zipo, anaguna.

Ndipo anapoingia mtaalamu wa ukoo na testa yake. Kitaa kinawaka, naye anatangaza: "Moto upo." Upo kweli. Ila testa huonyesha waya wa moto peke yake. Nyutro ikichomoka, moto utakaa humohumo bila kuchaji hata kitochi.

Mkosaji halisi anakula ugali na wenzake. Soketi zetu ni za Kiingereza, matundu matatu, na pini ndefu ya ethi ndiyo hufungua vizibo vya matundu mawili ya chini. Chaja ya pini mbili ikigoma, hutafutwa kijiti au kifuniko cha kalamu, ethi ikatekenywa, vizibo vikatii. Baada ya kutekenywa sana (na kubebeshwa ekstensheni yenye pasi na jagi la maji) soketi hulegea, hupata joto, hugeuka kahawia na kunuka. Harufu hiyo nayo husingiziwa panya.

Soketi mpya ni shilingi elfu chache. Zima mein swichi, weka kijiti chini, mwite fundi mwenye leseni ya EWURA.